Upimaji wa bure wa tezi dume na swali la baada ya majibu

Kila ifikapo Septemba, na tena Novemba, matangazo ya upimaji wa bure wa tezi dume huanza kusikika redioni na kubandikwa kwenye zahanati, ofisi za kata na nyumba za ibada. Mwanaume aliyevuka miaka arobaini anaambiwa aje, atolewe damu kidogo mkononi, kisha aambiwe kama PSA yake iko sawa au iko juu. Hoja inayobeba shughuli hii inaonekana haina mpinzani: saratani ikigunduliwa mapema hutibika, wanaume wetu huja hospitali ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye mifupa, basi tuwapime wengi, tuwapime mapema, tuwapime bure. Mimi naipinga. Sina ubishi kwamba saratani hii ni tishio, maana katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo, iko miongoni mwa saratani zinazoua wanaume wengi zaidi, na Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba wagonjwa wapya duniani wataongezeka kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 mwaka 2040, huku ongezeko kubwa likitarajiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ninachokataa ni kuruka kutoka kwenye tishio hilo hadi kwenye kambi ya siku moja ya kupima damu. Hatua hiyo imechunguzwa na majaribio makubwa ya kitabibu kwa miaka thelathini, na majibu yake hayafanani na yale yanayotangazwa.

Tuanze na kipimo chenyewe. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, na kazi yake ni kuifanya shahawa iwe nyepesi baada ya kutoka. Kiasi kidogo huvujia kwenye damu, na hicho ndicho kinachopimwa. Marekani ilipokiidhinisha kipimo hiki mwaka 1986, kilikusudiwa kuwafuatilia wagonjwa waliokwisha kugundulika na kutibiwa. Idhini ya kukitumia kutafuta saratani kwa watu wasio na ugonjwa unaojulikana ilikuja mwaka 1994. Matumizi haya mawili yana tofauti kubwa. Kwa mtu aliyekwisha kuondolewa tezi, PSA inayopanda karibu kila mara humaanisha kwamba ugonjwa umerudi. Kwa mtu ambaye tezi yake bado ipo, PSA iliyopanda inaweza kuwa saratani, inaweza kuwa tezi iliyotanuka kwa umri, inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, na inaweza pia kuwa mpira wa mkojo aliowekewa juzi baada ya mkojo kuziba. Katika jaribio kubwa la Ulaya nitakaloeleza hapa chini, robo tatu ya waliochukuliwa vinyama vya tezi kwa uchunguzi kwa sababu PSA yao ilikuwa juu hawakukutwa na saratani. Kinyume chake nacho kina ushahidi wake: watafiti wa Marekani waliochapisha mwaka 2004 walichukua vinyama hata kwa wanaume ambao PSA yao haikuwahi kuzidi 4, kiwango kilichozoeleka kuitwa salama, wakakuta saratani kwa asilimia 15 yao. Kwa hiyo anayeambiwa “uko juu” mara nyingi hana saratani, na anayeambiwa “uko sawa” hajahakikishiwa kitu. Richard Ablin, aliyeeleza antijeni ya tezi dume mwaka 1970, aliandika katika New York Times mwaka 2010 akiulaumu upimaji wa halaiki kwa kutumia PSA. Sikubaliani naye kwa kila neno, lakini si jambo la kila siku mtu aliyehusika na mwanzo wa kitu kusimama hadharani kukilalamikia.

Ugumu wa pili umo ndani ya ile sentensi tamu, “ikigunduliwa mapema hutibika”. Saratani ya tezi dume nyingi hukua polepole mno. Uchunguzi wa maiti za wanaume waliokufa kwa sababu nyingine umeonyesha kwamba kati ya wenye umri wa miaka 70 hadi 79, saratani ilikuwamo kwa takriban asilimia 36 ya wazungu na asilimia 51 ya Wamarekani weusi. Wengi wao waliishi nayo bila kuijua na wakafa kwa mambo mengine. Ukiwapima wanaume kwa wingi utaziokota saratani hizo pia, utaziita zimegunduliwa mapema, utazitibu, kisha utahesabu walio hai baada ya miaka mitano na kushangilia. Hata ile inayoua kweli inaweza kukudanganya: mtu ambaye angefariki mwaka 2035 na ambaye angegundulika mwaka 2033, ukimgundua mwaka 2027 umempa miaka sita ya kuitwa mgonjwa, na takwimu za walioishi miaka mitano zitapendeza, ilhali siku yake ya kufa haikusogea hata kidogo. Ndiyo maana watafiti wa upimaji wa halaiki hawaulizi wangapi wamegunduliwa, wala wangapi wako hai miaka mitano baadaye. Wanauliza kitu kimoja: tukiwagawanya wanaume kwa kura, hawa waitwe kupimwa na hawa waachwe na huduma ya kawaida, je, katika kundi la kwanza wanakufa wachache kwa saratani hii?

Swali hilo limejibiwa. Jaribio la Ulaya, lililoanza miaka ya mwanzo ya 1990 na kuhusisha wanaume zaidi ya 160,000 wa nchi nane wenye umri wa miaka 55 hadi 69, lilitoa majibu yake ya kwanza makubwa mwaka 2009: vifo vilipungua kwa asilimia 20, lakini ili kuzuia kifo kimoja ilibidi kuwaita wanaume 1,410 na kuwatibu 48 zaidi. Majibu ya miaka 23, yaliyotoka mwaka 2025, yamepunguza uwiano huo hadi wanaume 456 walioitwa na 12 waliogunduliwa kwa kila kifo kilichozuiwa. Hayo ni mafanikio ya kweli, na mtu anayesema PSA haina faida yoyote hajayasoma. Jaribio la Marekani la kipindi hichohicho, lenye wanaume zaidi ya 76,000, halikuona tofauti, ila baadaye ilibainika kwamba karibu asilimia 90 ya wanaume wa kundi la ulinganisho walikuwa wamekwisha kupima PSA wenyewe kwa madaktari wao. Lililinganisha waliopimwa na waliopimwa. Jaribio la tatu ndilo linalotuhusu zaidi, ingawa ndilo lisilotajwa kabisa kwenye kambi zetu. Uingereza iligawanya kwa kura vituo vya madaktari wa familia vyenye wanaume zaidi ya 400,000 wa miaka 50 hadi 69, nusu wakaalikwa kupima PSA mara moja tu. Asilimia 36 hivi ya walioalikwa walipima. Baada ya miaka kumi hapakuwa na tofauti ya vifo. Baada ya miaka 15, waliokuwa wamekufa kwa saratani ya tezi dume walikuwa asilimia 0.69 ya walioalikwa na asilimia 0.78 ya wasioalikwa. Tofauti hiyo ni takriban mtu mmoja katika kila 1,100.

Mwaliko mmoja, sindano moja, kisha kila mtu nyumbani kwake: hiyo ndiyo sura ya kambi yetu. Lakini Waingereza wale walikuwa na huduma ya afya ambayo mgonjwa halipi mlangoni. Aliyekutwa na PSA ya 3 au zaidi alipangiwa kuchukuliwa kinyama, na wengi mno wakaenda. Kinyama kilisomwa na mtaalamu wa patholojia, na aliyekutwa na saratani alipewa nafasi ya upasuaji, mionzi au ufuatiliaji wa karibu, bila kuuza ng’ombe. Pamoja na mnyororo wote huo, kipimo cha mara moja kiliokoa mtu mmoja katika 1,100 kwa miaka 15. Ni wapi basi tunapopata imani kwamba kipimo hichohicho, kikiwa hakina mnyororo wowote nyuma yake, kitafanya kazi nzuri zaidi kwetu?

Chukua mwanaume wa miaka 62 wa Kasulu anayeambiwa kambini kwamba PSA yake ni 9. Hatua inayofuata ni kuonana na daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, na huenda yuko mkoa mwingine. Siku hizi ushahidi unataka picha ya MRI kabla ya sindano: jaribio la Uingereza la wanaume 576 lililochapishwa mwaka 2017 lilikadiria kwamba MRI ikitangulia, zaidi ya robo ya wanaume wangeweza kuepuka kuchukuliwa kinyama, na jaribio la Göteborg la mwaka 2022 likaonyesha kwamba njia hiyo hupunguza kwa nusu saratani zisizo na madhara zinazookotwa bure. Mashine za MRI zipo katika miji mikubwa, na foleni yake ni ya wagonjwa wa ajali, kiharusi na uti wa mgongo. Asipopata MRI atachomwa sindano kadhaa kupitia njia ya haja kubwa, na hapo ipo hatari ya maambukizi kuingia kwenye damu, hatari inayokua kadiri vijidudu vinavyozidi kuwa sugu kwa antibiotiki zilizozoeleka. Kisha asubiri majibu ya kinyama. Majibu yakiwa mabaya, mionzi ipo mbali, kama Mwanza au Dar es Salaam, na matibabu yake huenda kwa wiki. Na mashine nazo huharibika: mashine pekee ya mionzi ya Uganda ilipokufa mwaka 2016, nchi ilikaa zaidi ya mwaka mmoja bila tiba hiyo, na wagonjwa wengine wakapelekwa Nairobi. Katika hatua zote hizi nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea hutoka mfukoni mwa mgonjwa na wanawe, hata pale ambapo bima hulipia tiba yenyewe. Mzee huyu alifika kambini akijiona mzima. Ameondoka na namba, hofu, na safari ambayo huenda hataimaliza.

Na akiimaliza, yapo madhara ya upande wa pili. Jaribio la ProtecT la Uingereza liliwagawanya kwa kura wanaume 1,643 waliogundulika kwa PSA, saratani ikiwa bado ndani ya tezi: theluthi walifuatiliwa tu kwa karibu, theluthi walipasuliwa, theluthi walipigwa mionzi. Miaka 15 baadaye, asilimia 97 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo, na tofauti kati ya makundi haikuwa ya maana: vifo asilimia 3.1 kwa waliofuatiliwa, 2.2 kwa waliopasuliwa, 2.9 kwa waliopigwa mionzi. Kilichotofautiana ni maisha. Kufikia mwaka wa 12, takriban mmoja kati ya wanne wa kundi la upasuaji alikuwa anavaa pedi kwa sababu ya mkojo kujitoka, na nguvu za kiume ziliathirika mapema na kwa wengi zaidi. Katika nchi ambayo ufuatiliaji wa karibu unawezekana, mwanaume mwenye saratani ndogo anaweza kukwepa kisu kwa miaka. Kwetu, ambako mgonjwa akitoka leo huna hakika kama atarudi baada ya miezi sita, daktari makini hujikuta akishawishika kumaliza kazi papo hapo. Upimaji wa halaiki pasipo uwezo wa kufuatilia ni kiwanda cha kutibu watu wasiohitaji kutibiwa.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, husema: ushahidi wote huo ni wa wanaume weupe, na wanaume weusi ni hadithi nyingine. Ni kweli ushahidi ni wa hao. Washiriki wa ProtecT walikuwa weupe karibu wote. Na ni kweli kwamba Uingereza mwanaume mmoja mweusi kati ya wanne hugundulika na saratani hii maishani mwake, ilhali kwa weupe ni mmoja kati ya wanane, na kwamba Marekani wanaume weusi hufa nayo karibu mara mbili ya weupe. Jijini Accra, uchunguzi wa wanaume 1,037 wa miaka 50 hadi 74 waliokuwa wakijiona wazima ulikuta saratani kwa asilimia 7. Lakini tuzisome namba hizi hadi mwisho. Uingereza, kati ya waliokwisha kugundulika, sehemu inayokufa kwa ugonjwa huo ni karibu theluthi moja kwa weusi na kwa weupe vilevile. Na Marekani, watafiti walipowafuatilia wanaume zaidi ya 60,000 waliotibiwa katika hospitali za maveterani, ambako huduma ni moja kwa wote, weusi hawakufa zaidi kwa saratani hii kuliko weupe. Hii haimaanishi kwamba urithi wa damu hauna nafasi. Hatari ya kuupata ugonjwa ni kubwa zaidi kweli. Inamaanisha kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya vifo iko kwenye kile kinachotokea baada ya ugonjwa kujulikana, yaani kwenye ule mnyororo ambao kambi haina.

Pingamizi hilo lina upande mwingine unaopaswa kutukera. Novemba 2025 kamati ya Uingereza inayoshauri kuhusu upimaji wa halaiki ilitoa rasimu ya mapendekezo: ikubalike kuwapima wanaume wenye mabadiliko ya kurithi ya jeni za BRCA yanayoongeza hatari ya saratani, lakini si wanaume weusi kwa jumla, kwa sababu data zao hazitoshi kuondoa mashaka. Hawakupendekezwa kwa sababu hawakuchunguzwa, na hawakuchunguzwa kwa sababu majaribio yalifanyika mahali ambapo ni wachache. Jaribio jipya la Uingereza, TRANSFORM, lenye bajeti ya pauni milioni 42, limejipangia kwamba angalau mmoja kati ya kila wanaume kumi wanaoalikwa awe mweusi. Ni hatua njema. Hata hivyo, itajibu swali la wanaume weusi wa Birmingham na London, wenye MRI karibu na daktari wa familia. Haitajibu swali la Kasulu, la Kisii wala la Gulu. Anayesema “ushahidi wa wazungu hautuhusu” amesema jambo la maana, ila hitimisho lake halali ni kwamba tufanye jaribio letu. Kukosekana kwa ushahidi hakuwezi kugeuzwa kibali cha kufanya lolote.

Hapo hujibiwa kwamba majaribio makubwa hayawezekani kwetu. Historia ya karibuni ya utafiti wa afya ya wanaume inakataa. Swali la kama tohara hupunguza maambukizi ya VVU kwa mwanaume lilijibiwa na majaribio matatu, yote ya Afrika, mawili kati yake yakiwa Afrika Mashariki: Kisumu, wanaume 2,784 wa miaka 18 hadi 24, Rakai, Uganda, wanaume 4,996 wa miaka 15 hadi 49, na la tatu Orange Farm, Afrika Kusini. Wanaume hawa walikubali kugawanywa kwa kura juu ya jambo nyeti kuliko sindano ya damu. Kisumu, kati ya Waluo ambao kwa mila hawatahiri, hilo halikuwa ombi dogo. Desemba 2006 majaribio ya Kisumu na Rakai yalisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu faida ilikuwa wazi: Kisumu maambukizi 22 kwa waliotahiriwa dhidi ya 47 kwa wasiotahiriwa, Rakai 22 dhidi ya 45. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo, na Iringa, Njombe na Tabora zikaona kampeni zilizojengwa juu ya ushahidi huo. Rakai ilifanya zaidi: ikajaribu pia kama kuwatahiri wanaume waliokwisha kuambukizwa kungewakinga wake zao, ikakuta hakuwakingi, ikachapisha. Utafiti unaokataa matarajio ya waliouanzisha, na bado ukachapishwa, ni dalili ya ukomavu. Watu tulikuwa nao, kura tuliweza kuipiga, na waliojitokeza walifuatiliwa. Kilichofanya Rakai iwezekane na jaribio la tezi dume lisiwepo ni kwamba wafadhili walikuwa na sababu ya kulipia VVU, na sisi wenyewe hatujawahi kuweka fedha zetu mezani kwa ajili ya mzee wa miaka 62.

Pingamizi jingine hutoka Marekani. Mwaka 2012 jopo la kitaifa la huduma za kinga la huko lilishauri PSA isitumike kwa upimaji wa halaiki; miaka iliyofuata wanaume wanaogundulika ugonjwa ukiwa umesambaa wakaongezeka, na mwaka 2018 jopo likalegeza ushauri wake, likisema wenye miaka 55 hadi 69 waamue pamoja na daktari. Je, hilo si onyo kwetu? Ni onyo kwa nchi iliyokuwa na mnyororo kamili na ikaulegeza mlango wake wa kwanza. Sisi tunajenga mlango uwanjani, bila nyumba. Ukitazama pia kwamba katika jaribio la Ulaya mistari ya vifo ya makundi mawili ilikwenda sambamba kwa miaka kama saba kabla ya kuanza kuachana, unaona jambo ambalo kambi hulisahau: faida ya kupimwa leo, kama ipo, huja miaka mingi baadaye. Kumpima mzee wa miaka 78 mwenye kisukari na moyo uliochoka ni kumtafutia ugonjwa asioweza kunufaika kwa kuujua.

Fedha na nguvu zinazokwenda kambini ziende wapi basi? Kwa mwanaume ambaye tayari anaumwa. Hapa ushahidi ni mzito kuliko wa upimaji wowote. Tangu Charles Huggins aonyeshe mwaka 1941 huko Chicago kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, ugunduzi uliompa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, kuondoa korodani kumebaki kuwa tiba ya bei nafuu kuliko zote kwa ugonjwa uliosambaa, na hospitali ya wilaya yenye chumba cha upasuaji inaweza kuifanya kwa ganzi. Wengi huikataa, na wana haki hiyo, lakini wengi pia hawaelezwi vizuri kwamba sindano za kila baada ya miezi mitatu hufanya kazi hiyohiyo kwa gharama isiyoisha. Juu ya tiba hiyo sasa kuna dawa iitwayo abiraterone. Jaribio la LATITUDE lilichukua wanaume 1,199 waliogundulika moja kwa moja na ugonjwa mkali uliosambaa, yaani watu walewale wanaojaa kliniki zetu. Waliopewa dawa za kawaida za homoni pekee, nusu yao walifikisha miezi 36.5, walioongezewa abiraterone, miezi 53.3. Hiyo ni karibu mwaka mmoja na nusu wa maisha, kwa mtu aliye mbele yako, unayemjua jina, bila kuwaita mamia ya wazima. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na nakala zake zisizo za kampuni mama zimeshusha bei.

Kabla ya dawa kuna kumfikisha mgonjwa mapema kidogo tu kuliko sasa. Anayeamka usiku mara nne kukojoa, anayekojoa damu, anayeumwa kiuno kisichosikia dawa, huyo ndiye wa kupimwa PSA, maana kwake kipimo hujibu swali lililokwisha kuulizwa na mwili. Kikwazo chake kikubwa ni mzaha kuhusu kipimo cha kidole, ambapo daktari hupapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, mzaha ambao umewafukuza wanaume wengi kliniki. Kwa taarifa ya wanaouogopa: jaribio la Ujerumani liitwalo PROBASE limeonyesha kwamba kwa wanaume wazima wa miaka 45 kidole hakigundui karibu chochote, kwa hiyo hakuna sababu ya kukitumia kambini. Kwa mwenye dalili bado kina kazi, na huchukua sekunde chache. Kikwazo cha pili ni soko la dawa za kusafisha tezi. Vitamini E, mojawapo ya vinavyouzwa kwa sifa hiyo, ilijaribiwa Marekani kwa wanaume zaidi ya 35,000. Waliopewa walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Sidai kambi zipigwe marufuku. Nadai ziwe na masharti ambayo mpangaji anaweza kuulizwa kabla ya kufungua hema: umri wa wanaoitwa uwe na kikomo cha juu, idadi yao isizidi idadi ya vinyama ambavyo hospitali ya rufaa imeahidi kuchukua na kusoma bure, kila aliyekutwa juu apimwe tena baada ya wiki kadhaa kabla ya kuitwa mgonjwa, na mwaka mmoja baadaye itangazwe wangapi walifika mwisho wa njia, si wangapi walitoa damu. Mpangaji asiyeweza kutimiza hayo anaweza kutumia bajeti hiyohiyo kulipia abiraterone ya wagonjwa wachache kwa mwaka mzima.

Na jaribio letu lianze na dawa, kwa sababu majibu yake hayahitaji miaka 23. Mwaka 2018 watafiti wa Chicago na wenzao walichapisha jaribio dogo la wanaume 72: abiraterone ya miligramu 250 ikinywewa pamoja na chakula ilishusha PSA sawa na miligramu 1,000 inayonywewa tumbo likiwa tupu, maana mafuta ya chakula huongeza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini. Robo ya dozi ni robo ya bei. Lakini wanaume 72 na PSA kama kigezo havitoshi kusema kama maisha hurefuka kwa kiasi kilekile, na kifungua kinywa cha Chicago si ugali na dagaa. Makampuni ya dawa hayana sababu ya kulipia utafiti wa kuuza dawa yao kidogo zaidi. Hospitali za Ocean Road, Bugando na Kenyatta, pamoja na Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, zinapokea wagonjwa hawa, na kigezo cha jaribio ni tarehe ya kifo, ambayo kinachohitajika kuipata ni simu ya mtoto wa mgonjwa na daftari linaloandikwa kwa uaminifu. Swali la kuwaita wazima, kwa kura ya wilaya kwa wilaya, linaweza kufuata nyuma ya hilo, likitumia daftari hilohilo.